Mashine Iliyosahau Siku

Namba iliyotaka kunikosanisha na wifi yangu ilikuwa 4. Ilionekana kwenye kioo kidogo cha mashine ya vifaranga, sebuleni kwetu Kirewa, na siku hiyo ilipaswa kuwa 20.

Mashine yenyewe aliitengeneza shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye riziki yake ni kutengeneza simu na redio pale senta. Alichukua sanduku la mbao, akalivika kwa ndani sponji nyeupe ngumu ya kufungia televisheni, akatia balbu mbili za kutoa joto, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, beseni la maji na mota ndogo ya kuinamisha trei za mayai huku na huku. Mwenye kuamrisha vyote hivyo ni kijibao chenye urefu wa kidole, kimebeba mikrokontrola aina ya ATmega328. Programu alipewa na fundi mwenzake, naye alikuwa ameitumia mahali ambapo stima haipotei ovyo.

Mikrokontrola ile ilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kushikilia joto kwenye nyuzi 37.5. Ya pili ni kugeuza mayai kila baada ya muda, ili kiini kisigande upande mmoja wa ganda. Ya tatu, ambayo sisi hatukuijali sana, ni kuhesabu siku. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21, lakini linapofika siku ya 18 mambo yote hubadilika. Kugeuza hukoma, kwa sababu kifaranga anajipanga aelekeze mdomo kwenye nafasi ya hewa, upande mnene wa yai. Unyevu nao hupandishwa, kutoka asilimia hamsini na kitu hadi sitini na tano au sabini, ili utando wa ndani usikauke ukamkamata wakati anapasua ganda. Mashine isiyojua ni siku ya ngapi haiwezi kufanya hata moja kati ya hayo.

Ndani kulikuwa na trei tatu. Moja yetu, moja ya mama mkwe, na ya tatu ya jirani yetu mjane, tuliyekubaliana naye kwamba katika kila vifaranga watano mmoja atakuwa wetu. Kwa nyumba yenye mashamba madogo kama yetu, hayo si mayai ya kuchezea. Kuku wa kienyeji ndiye karo ya muhula, ndiye dawa ya mtoto, ndiye anayechinjwa wakwe wakija.

Yule mjane ndiye aliyegundua. Yeye hahesabu kwa kalenda. Mayai aliyaleta siku iliyofuata siku ya soko, na sasa lilikuwa soko la tatu tangu hapo. Akaja asubuhi na kikapu kilichotandikwa majani makavu, akaamkia vizuri, akaketi, ndipo akauliza kama vifaranga wake wameanza kulia ndani ya maganda. Nikamwita mtoto wa wifi yangu aangalie kioo. Akasema, "Anti, imeandika siku ya nne."

Mjane akanyamaza, akatazama kikapu chake. Mama mkwe akaamua palepale kwamba mashine ifunguliwe.

Alichukua yai moja, akaliweka sikioni muda mrefu, akalirudisha. La pili vivyo hivyo. La tatu akaligonga taratibu kwa ukucha, akalimenya upande mnene. Kifaranga alikuwa amekamilika: manyoya, kucha, hata kile kijino cheupe juu ya mdomo cha kupasulia ganda. Lakini utando ulikuwa umekauka ukamganda mwilini, ukamfunga bawa na shingo, na mdomo ulikuwa umegeukia upande mwembamba wa yai, kusiko na hewa. Mashine ilikuwa imeendelea kumgeuza wakati yeye anatafuta njia. Katika trei zote tatu, waliotoka wakiwa hai walitosha kwenye karai moja, na baadhi yao miguu ilitanuka pembeni wasiweze kusimama.

Sasa nani kaanzisha upya hesabu? Kando ya kioo kuna kibonyezo chekundu. Ukikishikilia kidogo, siku zinaanza tena mwanzo. Na aliyekuwa karibu na mashine kila siku ni mtoto wa wifi, msichana wa darasa la sita anayekaa kwetu kwa ajili ya shule. Ndiye aliyejaza maji kwenye beseni, ndiye aliyesoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Sisi wengine tulikuwa shambani tangu alfajiri, na mume wangu alikuwa Malaba kwenye kazi ya kupakua malori. Aliporudi na kuelezwa, hakuuliza mara mbili. Alisema mtoto amechezea kibonyezo, basi. Mtoto akaapa hajakigusa. Mume wangu akasema na uongo tena juu yake.

Maneno kama hayo hayakai ndani ya ua. Kesho yake mchana wifi alifika na pikipiki kutoka Mulanda, na hakushuka na uso wa kusalimia watu. Alisema kama mwanawe ameitwa mharibifu na mwongo kwa mjomba wake, nguo zake zifungwe. Kwa mila zetu hilo si jambo dogo. Dada akimwondoa mtoto wake nyumbani kwa kaka kwa hasira, kumrudisha kunahitaji wazee, na mke wa kaka ndiye atakayesemwa kuanzia kisimani hadi kanisani.

Mama mkwe akatandika mkeka, akasema hakuna anayefunga nguo kabla ya watu kusikilizana. Akamtuma mtu kumwita shemeji senta. Shemeji alipokuja naye pia alikitazama kile kibonyezo kwanza. Mtoto aliketi ubavuni kwa bibi yake, amepakata ungo wa karanga, anamenya huku machozi yanadondoka.

Tukiwa katikati ya maneno, stima ikapotea. Hakuna aliyeshtuka, maana kwetu hupotea na kurudi. Mume wangu aliendelea kuongea. Muda si mrefu ikarudi, balbu zikawaka, feni ikavuma, na kioo cha mashine kikaandika kwa mwanga wake wa buluu: Siku ya 1.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuliona. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekibonyeza sasa?"

Mikono ya mjukuu wake ilikuwa kwenye karanga, mbele ya macho ya watu wote. Shemeji akainuka, akachomoa waya wa mashine ukutani, akaurudisha. Siku ya 1. Akafanya hivyo tena, na tena. Mume wangu alimwita mtoto mbele ya dada yake, akamwomba radhi kwa maneno kamili, bila kuzunguka. Wifi alilala kwetu usiku ule na asubuhi aliondoka peke yake.

Ninayaandika haya yote kwa sababu nimeona jinsi kasoro ndogo ya kifaa inavyoweza kugeuka mashtaka dhidi ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni yule aliye mdogo zaidi nyumbani. Mashine ikisahau, haisemi imesahau. Inaandika namba safi, kwa kujiamini, na watu wanaiamini kuliko wanavyomwamini mtoto.

Shemeji alitueleza kilichokuwa kikitokea. Mikrokontrola ina kumbukumbu ya aina mbili za kuwekea hesabu. Moja ni ya haraka, ya kufanyia kazi, na hiyo ni kama ubao wa darasani unaofutwa kila stima ikipotea. Nyingine inaitwa EEPROM. Ni ndogo, katika ATmega328 ni baiti 1,024 tu, lakini kilichoandikwa humo hubaki hata umeme usiwepo kwa miaka. Yule fundi aliyeandika programu aliacha hesabu ya siku kwenye ubao. Kwake haikuwa na madhara, kwa sababu umeme wake haukatiki.

Basi dawa ikaonekana rahisi: andika siku kwenye EEPROM. Shemeji akaandika programu ihifadhi hesabu kila sekunde, ili hata sekunde moja isipotee. Lakini shemeji yangu ana tabia moja ninayoipenda, husoma karatasi za watengenezaji kabla hajafunga skrubu ya mwisho, hata kama ni kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Akakuta kwamba kila chumba cha EEPROM hiyo kimedhaminiwa kuandikwa mara 100,000. Inasikika nyingi. Ukiandika chumba kilekile kila sekunde, dhamana hiyo inakwisha katika muda usiofika saa 28. Ukiandika kila dakika, inakwisha katika siku 69 hivi, yaani mizunguko mitatu ya vifaranga. Baada ya hapo chumba kinaweza kuanza kusahau, na tungerudi kulekule.

Akapunguza, ikawa inaandika mara moja kwa saa, na tukaweka mayai machache ya majaribio. Ikaenda vizuri hadi asubuhi moja kioo kikaandika: Siku ya 255. Mama mkwe aliuliza ni ndege gani huyo anayelaliwa siku zote hizo. Shemeji hakucheka. Aliitambua namba ile. Chumba cha EEPROM kinapoandikwa, kwanza hufutwa, na chumba kilichofutwa kikisomwa husomeka 255. Kisha ndipo namba mpya inapoingia. Kazi hiyo yote huchukua milisekunde tatu na nusu hivi, na stima yetu ilikuwa imekatika katikati yake.

Muda huo ni mfupi mno, na ungedhani haiwezekani bahati mbaya iangukie hapo. Lakini stima ya vijijini haikatiki kwa ukali kama kisu. Hulegea kwanza, hurudi nusu, hupepesa mara nne au tano, na kila ikipepesa mashine hufa na kufufuka, na kila ikifufuka programu yetu ilikuwa inaanza kwa kuandika. Na tena, volti zikishuka sana, mikrokontrola haizimi kwa heshima. Hubaki inapapasa, ikitekeleza amri isizopewa, na inaweza kuharibu hata chumba ambacho hakikuwa kinaandikwa. Ndani ya ATmega kuna mlinzi wa jambo hili: unaweza kuiagiza isimame kabisa volti zikishuka chini ya 4.3. Kwenye kijibao chetu mlinzi huyo alikuwa amewekwa chini zaidi, kwenye 2.7. Shemeji akampandisha.

Kilichokuja baadaye ndicho ninachotaka mafundi wote wa ukanda huu wakijue, kuanzia Nagongera hadi Busia ng'ambo zote mbili. Stima ikikatika, mashine haifi papo hapo ikiwa umeiwekea akiba. Shemeji aliweka dayodi kwenye njia ya volti 12 inayokwenda kwenye mikrokontrola, na nyuma ya dayodi, upande wa mikrokontrola, akaweka kapasita ya maikrofaradi 4,700. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Feni na mota vilibaki upande wa adapta, kwa hiyo stima ikipotea haviwezi kuinyonya akiba iliyomo kwenye kapasita. Mikrokontrola yenyewe hula kama miliampia 20. Ukipiga hesabu, kapasita ikishuka kutoka volti 11 na kitu hadi 7, ambapo kirekebisha volti kinaanza kushindwa, inatoa kama sekunde moja nzima. Sekunde moja kwa binadamu ni kupepesa jicho. Kwa kazi inayochukua milisekunde tatu na nusu kwa baiti, ni nafasi ya kuandika karibu baiti 300. Sisi tulihitaji kuandika nane.

Ila mikrokontrola lazima ijue kwamba imebakiwa na sekunde moja. Kwa hiyo waya mwingine mwembamba ulichukuliwa kabla ya dayodi, ukapitishwa kwenye vizuizi viwili vya kupunguza volti, ukaingia kwenye mguu wa mikrokontrola ambao kazi yake ni kukatiza shughuli yoyote. Volti za adapta zikianza kuanguka, mguu ule unapata habari mara moja. Mikrokontrola inaacha kila kitu, inazima mwanga wa kioo ili isile akiba, inaandika, halafu inasubiri. Haiandiki tena kila saa wala kila dakika. Inaandika pale tu stima inapokufa, na kwa hesabu hiyo mara 100,000 zitatuzika sisi sote.

Hata hivyo hakuiamini nakala moja. Hesabu inaandikwa mara mbili, sehemu mbili tofauti, na kila nakala ina namba ya uhakiki inayopatikana kwa kuzijumlisha nyingine. Mashine ikiwaka inasoma ya kwanza. Namba ya uhakiki ikigoma, inasoma ya pili. Zote zikigoma, na hili nililidai mimi mwenyewe, isiandike Siku ya 1. Iandike: Sijui, na ipige king'ora. Nilitaka mashine iliyo nyumbani mwangu iweze kusema haijui.

Lilibaki tatizo moja ambalo kuhifadhi peke yake hakulitatui. Stima ikipotea kwa muda wa saa tisa, mayai hayasimami kukua kwa saa hizo tisa. Tunayafunika blanketi, tunaweka dumu la maji ya moto ndani ya sanduku, na kiinitete kinaendelea, ingawa polepole. Mashine ikiwaka na kuendelea pale ilipoachia, tayari iko nyuma ya yai. Shemeji akaagiza saa ndogo aina ya DS3231 kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Ikaja Busia kwa basi, binamu yetu akaivusha mpakani ikiwa ndani ya mfuko wa shati. Saa hiyo ina betri yake ya kibonge na hukosea kama dakika moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo sasa kinachohifadhiwa kwenye EEPROM si siku ya ngapi. Ni tarehe na saa mayai yalipowekwa. Hiyo inaandikwa mara moja tu, siku ya kwanza, stima ikiwa imetulia, na mengine mashine inayapata kwa kutoa. Akiba ya kapasita inatumika kuandika mambo madogo: trei zimeinamia upande gani, joto la mwisho lilikuwa ngapi, stima imepotea saa ngapi.

Ngoja niweke onyo hapa kwa atakayenunua saa hizo. Vibao vingi vya bei nafuu vya DS3231 vimeungwa kuchaji betri yao, lakini betri ya kawaida ya kibonge, ile iliyoandikwa CR2032, haichajiwi. Ikichajiwa inaweza kuvimba au kupasuka. Shemeji alikipasha moto kizuizi kimoja kidogo kama punje ya ulezi, akakitoa, ndipo akaweka betri.

Siku aliyokuwa akitufafanulia haya, mume wangu alinyoosha kidole ukutani, kwenye mita ya umeme ya kulipia kabla, akauliza mbona ile haijawahi kusahau yuniti zetu. Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika sakata hili. Mita ile nayo ni mikrokontrola, iko kwenye ukuta uleule, inakatikiwa na stima ileile, na hukumbuka yuniti zilizobaki. Hukumbuka hata tokeni zilizokwisha kutumika, ndiyo maana ukirudia kuingiza zilezile namba 20 inakataa. Mwaka 2024 tulipoambiwa tuingize namba za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba, pamoja na majirani zetu wa Kenya na nchi nyingine nyingi zinazotumia mfumo huo, sababu ilikuwa ni hesabu: kila tokeni hubeba idadi ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuziandika dakika hizo ilikuwa inajaa, dakika 16,777,216. Waliounda mita walifikiria giza tangu mwanzo, kwa sababu kusahau kwa mita ni hasara ya pesa.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Pesa ya anayeuza umeme ililindwa hivyo, na hata mimi yuniti zangu zililindwa. Yai la mjane wa Kirewa linastahili ulinzi uleule, na vifaa vyake vinaingia kwenye kiganja. Anayeuza mashine ya vifaranga upande huu wa nchi aichomoe ukutani mbele ya mnunuzi, aichomeke tena, waangalie pamoja kioo kinasema nini. Mnunuzi naye asitoe pesa kabla ya hapo. Sisi sasa kila mgeni anayeingia anaruhusiwa kuchomoa ule waya, na watoto wa jirani wameufanya mchezo.

Mzunguko uliofuata tulimwekea mjane trei yake kwanza, bila kudai kifaranga hata mmoja. Stima ilipotea mara nyingi, mojawapo usiku kucha, na mtoto wa wifi aliandika kila mara kwenye daftari lake saa iliyopotea, akalinganisha na saa iliyoandikwa na mashine. Siku ya 18 mota ilisimama yenyewe. Siku ya 21 nyumba haikulalika kwa kelele.

Sasa mjane ameleta mayai ya kanga. Hayo huchukua siku 26 hadi 28, naye anataka yaingie pamoja na ya kuku, kwenye sanduku moja, wiki hii. Shemeji anasema itabidi kila trei iwe na tarehe yake kwenye EEPROM na mota yake ya kugeuzia, na mota ya pili hana. Mama mkwe anasema kanga hawangoji mota, na amekwisha kumchagua kuku wa kuwalalia.